Texas: wakubwa wengi, lawama isiyo na mwenyewe

Mkenya anayehamia Houston au Dallas huja na picha yake ya gavana. Kwao, gavana ndiye anayeteua mawaziri wa kaunti, serikali yake ndiyo inayopeleka bajeti bungeni, na naibu wake ni mgombea mwenza aliyezunguka naye kwenye kampeni. Mtanzania huja na picha ya mkuu wa mkoa, mteule wa Rais ambaye uteuzi wake unaweza kutenguliwa usiku kwa taarifa fupi ya Ikulu. Picha zote mbili humpotosha mtu akifika Texas.

Jimbo hili limeizidi Kenya nzima kwa eneo na lina watu wapatao milioni 31. Gavana wake, Greg Abbott, yuko madarakani tangu Januari 2015. Hata hivyo, katiba haimpi baraza la mawaziri. Mwanasheria mkuu hakuteuliwa naye. Anayekusanya kodi na kushika hazina hakuteuliwa naye. Kamishna wa ardhi, kamishna wa kilimo, hata wale watatu wanaosimamia mafuta na gesi, kila mmoja ana kura zake mwenyewe na hana sababu ya kumwogopa mtu. Naibu Gavana naye hugombea peke yake, na amewahi kutoka chama kingine kabisa.

Mfumo huu uliwekwa makusudi ili kumfunga gavana mikono. Leo, miaka 150 baadaye, mikono hiyo imeshafunguka kwa njia za uani. Kilichobaki cha ule mgawanyo ni kwamba likitokea janga, mwananchi hajui amshike nani.

Ili kuelewa kwa nini watu walijijengea serikali ya namna hii, inabidi kurudi kwa Edmund J. Davis. Texas ilikuwa upande ulioshindwa katika vita ya wenyewe kwa wenyewe iliyoisha mwaka 1865. Chini ya katiba ya 1869, Davis, Mrepublican aliyekuwa amepigana upande wa Muungano ulioshinda, alipata mamlaka makubwa ya kuteua watu na kuanzisha polisi wa jimbo. Ndani ya polisi hao walikuwamo watu Weusi, na hilo liliwachoma Wazungu wengi wa Texas kuliko makosa yoyote ambayo polisi hao waliyafanya. Desemba 1873 Davis alishindwa uchaguzi na Richard Coke. Januari 1874 akakataa kutoka. Kwa siku kadhaa jengo la bunge mjini Austin lilikuwa na serikali mbili: Davis na walinzi wake chini, watu wa Coke juu. Davis alimwomba Rais Ulysses Grant atume askari, Grant akakataa, na Davis akaondoka.

Miaka miwili baadaye ikaja katiba ya 1876, ambayo bado inatumika, ingawa imerekebishwa zaidi ya mara 500. Muhula wa gavana ulikatwa kutoka miaka minne hadi miwili (ile minne ilirudi baadaye, katika miaka ya 1970). Mshahara wake ukashushwa kutoka dola 5,000 hadi 4,000 kwa mwaka. Karibu kila ofisi kubwa ikawekwa mikononi mwa wapigakura. Wanaoisifu katiba hii kuwa ni kinga dhidi ya udikteta wanasema nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba waliokuwa wakifungiwa mlango ni pamoja na wale Weusi waliokuwa wameanza kuonja serikali.

Sasa tuwaangalie hao wenye ofisi. Nitawapitia wengine haraka, kwa sababu hawalingani uzito.

Mwanasheria Mkuu ndiye wakili wa jimbo katika kesi za madai. Ndiye anayeishtaki serikali ya Washington, na Texas hufanya hivyo mara kwa mara, hasa rais akiwa Mdemocrat. Watu wengi humdhania kuwa mwendesha mashtaka mkuu wa jinai. Siyo. Kesi za jinai ni za waendesha mashtaka wa wilaya, ambao nao huchaguliwa, na Desemba 2021 Mahakama ya Rufaa ya Jinai iliamua kwamba hata makosa ya uchaguzi Mwanasheria Mkuu hawezi kuyashtaki kwa uamuzi wake peke yake. Kwa mwananchi wa kawaida, ofisi hii hukutana naye kwa jambo la nyumbani zaidi: matunzo ya mtoto. Baba akiachana na mama watoto, barua ya kudai fedha za matunzo hutoka kwa Mwanasheria Mkuu wa Texas. Wageni wengi hushtuka kuiona bahasha hiyo wakidhani wameshtakiwa jinai.

Mdhibiti wa Fedha hasikiki sana nje ya Austin, lakini namweka juu ya wengi. Texas haitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi, na tangu 2019 katiba inaikataza. Jimbo hutegemea sana kodi ya mauzo, asilimia 6.25, ambayo miji na mamlaka nyingine za mitaa huweza kuongezea hadi asilimia 2. Mdhibiti ndiye anayeikusanya, lakini nguvu yake kubwa iko kwenye utabiri. Kila kikao cha bunge kinapoanza, yeye hutangaza jimbo litaingiza kiasi gani katika miaka miwili ijayo. Tangu marekebisho ya 1942, bunge haliwezi kutumia zaidi ya kiasi alichokithibitisha isipokuwa kwa kura za wanne katika kila watano. Mtu mmoja, kwa tarakimu moja, anaweka dari juu ya vichwa vya wabunge wote.

Zamani palikuwa pia na Mtunza Hazina, naye wa kuchaguliwa. Mwaka 1994 Martha Whitehead aligombea ofisi hiyo akiahidi kwamba akishinda ataifuta. Alishinda, wapigakura wakakubali mwaka uliofuata, na mwaka 1996 kazi zake zikahamia kwa Mdhibiti. Sikumbuki mwanasiasa mwingine aliyeomba kura ili apoteze kazi, na akatimiza.

Ofisi ya Ardhi ni ya tangu Texas ilipokuwa nchi huru, kati ya 1836 na 1845. Ilipojiunga na Marekani, Texas ilibaki na ardhi yake ya umma badala ya kuikabidhi Washington, na ardhi hiyo baadaye ikatokea kuwa na mafuta. Kamishna wa Ardhi husimamia mapato yake, ambayo huingia kwenye mfuko wa kudumu wa shule ulioanzishwa mwaka 1854. Anasimamia pia Alamo, ngome ya historia inayopendwa na watalii. Kamishna wa Kilimo hushughulika na mazao, mizani za madukani na chakula cha mashuleni. Tusonge.

Tume ya Reli haisimamii reli. Iliundwa mwaka 1891 wakati wa Gavana James Hogg, ili kuyabana makampuni ya treni yaliyokuwa yakiwanyonya wakulima kwa nauli za mizigo. Kisha mafuta yakagunduliwa, na kuanzia mwaka 1917 Tume ikapewa mabomba, halafu visima. Katika miaka ya 1930 ilikuwa ikipanga ni mapipa mangapi yatolewe kila mwezi ili bei isianguke. Waliounda OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, walijifunza kwake. Mamlaka yake ya mwisho juu ya treni yaliondolewa mwaka 2005. Jina limebaki. Tume hiyo ilipopitiwa upya mwaka 2017, kulikuwa na pendekezo la kulibadili, na bunge halikulipitisha. Kwa hiyo mpigakura wa Texas anapewa majina ya wagombea wa ofisi yenye usemi mkubwa juu ya mafuta na gesi katika jimbo linaloongoza Marekani kwa bidhaa hizo, na wengi hupita wakidhani ni habari za vituo vya treni. Makamishna ni watatu, muhula ni miaka sita, na kampeni zao huchangiwa na makampuni yaleyale wanayoyasimamia. Jina hilo linawafaa sana wenye visima.

Lakini ukiniuliza ni nani mwenye nguvu zaidi kwa mujibu wa mpangilio wenyewe, nitakwambia ni Naibu Gavana. Dan Patrick amekalia kiti hicho tangu Januari 2015, muda uleule wa Abbott. Mshahara wake ni dola 7,200 kwa mwaka, sawa na seneta. Yeye huongoza Seneti yenye wajumbe 31, huteua wenyeviti na wajumbe wa kamati, na huamua mswada upi uende kamati ipi na upi usionekane tena. Pamoja na Spika wa Baraza la Wawakilishi, huongoza bodi inayoandaa bajeti. Gavana naye huandika bajeti yake, lakini wabunge huanzia kwenye ile ya bodi.

La kushangaza ni kwamba sehemu kubwa ya nguvu hizo haimo kwenye katiba. Katiba inamfanya kuwa rais wa Seneti, basi. Mengine yanatokana na kanuni ambazo maseneta wenyewe huzipitisha mwanzoni mwa kila kikao. Wangeweza kumnyang'anya Jumanne moja asubuhi. Hawafanyi hivyo, kwa sababu atakayepiga kura ya kumnyang'anya na ikashindikana hataona mswada wake ukisomwa kwa miaka miwili. Patrick amezitumia kanuni hizo kwa ustadi. Zamani mswada ulihitaji theluthi mbili ya maseneta ili ujadiliwe, jambo lililowapa wachache nguvu ya kuzuia. Mwaka 2015 kiwango kikashushwa hadi tatu kwa tano, na mwaka 2021 hadi tano kwa tisa, kila mara kikitua mahali ambapo Warepublican hawakuhitaji kura ya Mdemocrat yeyote.

Haikuwa hivi siku zote. George W. Bush alipoingia ugavana Januari 1995, alimkuta Bob Bullock, Mdemocrat mkongwe, kwenye kiti cha Naibu Gavana. Bush alikuwa mgeni, Bullock aliijua kila senti ya jimbo kwa sababu alikuwa ameshika Udhibiti wa Fedha kwa miaka mingi. Gavana akajifunza haraka kwamba bila huyo mzee hakuna kitakachopita. Wakaelewana kiasi kwamba kwa uchaguzi wa mwaka 1998 Bullock alimuunga mkono Bush hadharani, ingawa mpinzani wake alikuwa wa chama cha Bullock mwenyewe. Sifa ya Bush ya kuelewana na wapinzani, aliyokwenda nayo Washington, ilijengwa na ofisi ambayo katiba ilikuwa imeiweka kama kizuizi chake.

Bunge lenyewe hukutana mara moja kila miaka miwili, mwaka usiogawanyika kwa mbili, kwa siku 140. Waliobaki nyumbani hutania kwamba waandishi wa katiba walikusudia siku mbili kila miaka 140. Wawakilishi ni 150, nao hulipwa dola 600 kwa mwezi na posho ya vikao. Maana yake ni kwamba ubunge ni kazi ya mwenye ofisi ya uwakili, mwenye biashara au mstaafu. Dereva wa lori hawezi kuacha kazi miezi mitano.

Na ni hapa, kwenye kalenda, ndipo gavana aliyefungwa mikono alipoanza kuifungua. Miswada mingi hupita siku za mwisho. Bunge likishaondoka, gavana ana siku 20 za kusaini au kukataa, na hakuna aliyebaki Austin wa kulipindua katazo lake. Mara ya mwisho kwa bunge kulipindua katazo la gavana ilikuwa mwaka 1979. Mwaka 2023, Abbott na Patrick walipogombana juu ya kodi ya majengo na ardhi, Abbott alikataa miswada 76, mingi yake ikiwa haina uhusiano wowote na ugomvi huo. Yeye ndiye anayeweza kuitisha kikao maalumu cha siku 30, na yeye ndiye anayepanga kitajadili nini. Mwaka 2021, Wademocrat walipotoka ukumbini ili kuvunja akidi, alifuta fedha za kuliendesha bunge lenyewe. Zilirudishwa baadaye, lakini ujumbe ulifika.

Njia ya pili ni muda. Gavana wa Texas hana ukomo wa mihula. Katika muhula mmoja hufanya uteuzi wapatao 1,500 kwenye bodi na tume. Wajumbe wengi hukaa miaka sita kwa zamu, kwa hiyo gavana mpya hukuta watu wa mtangulizi wake. Lakini gavana akikaa zaidi ya miaka sita, karibu kila bodi ni ya watu wake. Rick Perry, mtangulizi wa Abbott, alikaa miaka 14. Abbott amekwishapita muongo mmoja. Walioandika katiba ya 1876 walimfikiria mtu wa kukaa miaka miwili na kurudi shambani kwake.

Njia ya tatu ni dharura. Sheria ya maafa ya mwaka 1975 humruhusu gavana kutangaza hali ya maafa na kuihuisha kila siku 30. Tangazo la Covid-19 lilianza Machi 2020 na likaendelea hadi Juni 2023. Kwa amri zilizotokana nalo, Abbott alifunga, akafungua, kisha akazizuia kaunti na shule kulazimisha barakoa. Yule aliyenyimwa mawaziri na katiba alikuwa akiamua nani avae nini darasani.

Eneo moja bado limefungwa kweli, nalo ni msamaha. Miriam Ferguson, mwanamke wa kwanza kuwa gavana wa Texas, alisamehe wafungwa kwa maelfu, na uvumi wa rushwa ukaenea. Mwaka 1936 wapigakura wakaubadili utaratibu. Leo gavana hawezi kumsamehe mtu bila pendekezo la Bodi ya Misamaha, na kwa aliyehukumiwa kifo anaweza kuahirisha adhabu mara moja tu, kwa siku 30. Nje ya Marekani watu humlilia gavana kila Texas inapokaribia kumuua mfungwa. Kisheria wangepaswa kuililia bodi. Lakini wajumbe wa bodi huteuliwa na gavana, kwa hiyo kilio hicho hakijapotea sana.

Hayo yote yalikutana usiku wa kuamkia tarehe 15 Februari 2021. Baridi kali iliishukia Texas, na zaidi ya nyumba milioni nne na nusu zilikosa umeme, nyingine kwa siku kadhaa. Idara ya afya ya jimbo ilihesabu vifo 246. Texas ina gridi yake, yaani mtandao wake wa umeme, iliyotengwa kwa sehemu kubwa na majimbo mengine ili isisimamiwe na Washington. Mitambo ya gesi iliganda. Opereta wa gridi, ERCOT, akaanza kukata umeme ili gridi yote isianguke. Baadhi ya mitambo ya kupeleka gesi haikuwa imeandikishwa kama huduma muhimu, kwa hiyo ikakatiwa umeme. Gesi ikapungua, vituo vya umeme vikakosa gesi, umeme ukapungua zaidi.

Sasa mtafute mwenye kosa. Umeme uko chini ya Tume ya Huduma za Umma, wajumbe wake wakiwa wateule wa gavana. Gesi iko chini ya Tume ya Reli, inayochaguliwa. Bunge lilionywa baada ya baridi ya mwaka 2011 na halikulazimisha maandalizi. Siku zilizofuata kila ofisi ilinyooshea kidole nyingine. Wajumbe wote watatu wa Huduma za Umma walijiuzulu, na bosi wa ERCOT alifukuzwa. Katika Tume ya Reli hakuondoka hata mmoja. Wasiochaguliwa ndio waliowajibika, waliochaguliwa wakabaki, na mwaka 2022 Abbott alirudishwa, na Wayne Christian wa Tume ya Reli akarudishwa pia. Nadharia ya 1876 ilisema kura ndiyo itakayowawajibisha hawa. Ilitokea kinyume chake.

Watetezi wa mfumo wana mifano yao, na si ya kupuuza. Mwaka 2007 Perry alipoamuru wasichana wachanjwe dhidi ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya shingo ya kizazi, bunge lilimrudisha nyuma. Mei 2023 Baraza la Wawakilishi, chini ya Warepublican, lilipiga kura 121 kwa 23 kumfungulia mashtaka ya kumwondoa ofisini Mwanasheria Mkuu Ken Paxton, wa chama chao wenyewe, akasimamishwa kazi palepale. Lakini tazama ilivyoishia. Kesi ilisikilizwa Seneti, msimamizi akiwa Dan Patrick, na mmoja wa maseneta akiwa mke wa mshtakiwa, ingawa hakuruhusiwa kupiga kura. Septemba 2023 Paxton akaachiwa, akarudi ofisini.

Kinachodhoofisha utetezi huo ni chama. Tangu 1994 hakuna Mdemocrat aliyeshinda ofisi yoyote ya jimbo zima. Ofisi zinazopaswa kulindana zinajazwa na kura za mchujo za chama kimoja, ambazo huwa na washiriki wachache. Gavana hawezi kumfukuza kamishna, kweli, lakini anaweza kumuunga mkono mpinzani wake kwenye mchujo, na fedha za kampeni anazo.

Mimi ningeacha Mwanasheria Mkuu na Mdhibiti waendelee kuchaguliwa, kwa sababu wakili na mtunza fedha wanaomtegemea gavana ni hatari kuliko gharama ya ugomvi wao. Kilimo na Ardhi ningempa gavana awateue, ili shamba likiharibika ajulikane nani aliyemweka mlinzi. Tume ya Reli ningeiunganisha na ile ya umeme, chini ya wateule wa gavana watakaothibitishwa na Seneti, ili gesi na nyaya ziwe na mwenyewe mmoja.

Sitarajii hayo karibuni. Marekebisho ya katiba yanahitaji theluthi mbili ya kila baraza, yaani wawakilishi 100 na maseneta 21, kisha kura ya wananchi. Na mswada wa namna hiyo, kabla haujafika kwa maseneta, lazima upite mezani kwa Naibu Gavana.